NCHI JIRANI: Umri wa Mwendesha Baiskeli na Kipimo cha Askari

Kati ya tarehe 21 na 28 Septemba 2025, mji wa Kigali katika nchi jirani ya Rwanda ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Siku ya mwisho wanaume walishindana umbali wa kilomita 267.5, wakipanda na kushuka vilima ambavyo miinuko yake, ikijumlishwa, ilizidi mita 5,000. Kati ya wote walioanza, ni 30 tu waliomaliza. Mshindi, Tadej Pogačar wa Slovenia, alikuwa ametimiza umri wa miaka 27 juma moja kabla ya siku hiyo.

Katika mashindano hayo vijana wa miaka 17 na 18 walikuwa na mbio zao, na wale wa chini ya miaka 23 walikuwa na zao. Lakini juu ya hapo hapakuwa na ukomo. Mtu wa miaka 40 aliyechaguliwa na nchi yake alitakiwa kupanda kilima kile kile anachopanda mwenzake wa miaka 24. Kilima hakikupunguzwa kwa ajili ya mvi.

Jambo hilo lina funzo kwa askari wa jeshi na polisi. Vikosi vingi duniani hupima siha ya askari kwa majedwali ya umri: kijana hutakiwa kufikia kiwango fulani, na mtu mzima hupunguziwa. Utaratibu huo una maana yake. Lakini yafaa ieleweke kwamba kuna maswali mawili tofauti. Swali la kwanza ni kama mtu ana siha ya kutosha kwa umri wake. Swali la pili ni kama anaiweza kazi anayopewa. Mara nyingi maswali hayo huchanganywa, na hasara ya kuyachanganya huwa kubwa.

Ili kuelewa tofauti hiyo, ni lazima kwanza kujua umri huondoa nini mwilini. Nguvu ya mwendesha baiskeli wa masafa marefu hutegemea kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili wake unaweza kukitumia kwa dakika moja. Mapafu huivuta hewa, moyo huisukuma damu, na misuli huichukua oksijeni na kuifanyia kazi. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, kiasi hicho hupungua kwa takriban asilimia 10 katika kila miaka 10 baada ya umri wa miaka 30. Sababu ni kwamba idadi ya juu ya mapigo ya moyo hushuka, moyo husukuma damu kidogo zaidi, na misuli nayo hupungua, hasa ile ya nguvu za ghafla. Kwa hiyo mwendesha baiskeli anayezeeka hupoteza mbio za kufyatuka mapema kuliko anavyopoteza ustahimilivu wa saa nyingi. Aidha, mwili wake huchukua muda mrefu zaidi kupona baada ya kazi ngumu.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya hasara inayobebeshwa umri hutokana na uvivu, meza ya ofisi na uzito uliozidi. Kwa watu wanaodumisha mazoezi makali, upungufu huo katika umri wa makamo waweza kuwa karibu nusu tu ya ule wa mtu anayekaa kitako. Kumbukumbu za mchezo wa baiskeli zathibitisha jambo hilo. Mwaka 1985 Joop Zoetemelk wa Uholanzi alikuwa bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 38. Mwaka 2018 Alejandro Valverde wa Hispania alifanya vivyo hivyo akiwa na umri huo huo. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Kristin Armstrong wa Marekani alitwaa medali ya dhahabu siku moja kabla ya kutimiza miaka 43. Mwaka 2022 Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 39, tena akiwa na kiwiko kilichovunjika. Watu hao si wa kawaida, lakini kila mmoja wao alipimwa na barabara ile ile iliyowapima vijana.

Katika maabara mwendesha baiskeli hupandishwa baiskeli isiyokwenda popote, na uzito wa kuikanyaga huongezwa hatua kwa hatua mpaka ashindwe. Nguvu anayoitoa huhesabiwa kwa wati. Kilicho muhimu kuliko kilele chake ni nguvu anayoweza kuidumisha kwa muda wa saa moja hivi bila kuzidiwa. Nje ya maabara, wakufunzi wengi humtaka mtu akanyage kwa bidii yake yote kwa dakika 20, kisha huchukua asilimia 95 ya wastani wa nguvu hiyo kuwa ndiyo makisio ya saa nzima.

Mfano mzuri watoka katika nchi nyingine jirani. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mbio za baiskeli nchini Kenya, na baadaye, akiwa chini ya bendera ya Uingereza, akashinda mbio kuu za Ufaransa mara nne. Vipimo vyake viwili vilitangazwa hadharani. Mwaka 2007, akiwa na miaka 22, alipimwa nchini Uswisi: alikuwa na uzito wa kilo 75.6, na nguvu aliyoweza kuidumisha ilikuwa wati 420. Mwaka 2015, akiwa na miaka 30, alipimwa London: uzito ulikuwa kilo 69.9 na nguvu wati 419. Katika miaka minane injini haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mzigo iliokuwa ikiubeba. Kwa kila kilo ya mwili wake, nguvu ilipanda kutoka wati 5.6 hadi wati 6.0, na juu ya mlima tofauti hiyo ndiyo humtenga mshindi na msindikizaji. Kadhalika, askari anayelaumu umri wake kila anapopanda kilima yafaa kwanza apande mizani.

Vipimo vya siha vilivyoenea majeshini vina asili ya kijeshi. Mwaka 1968 Dakta Kenneth Cooper, wa jeshi la anga la Marekani, alitangaza kipimo cha kukimbia dakika 12: umbali anaoufikia mtu huonyesha uwezo wake wa kutumia oksijeni. Kabla yake, mwaka 1954, wataalamu wa Sweden waliokuwa wakiongozwa na Per-Olof Åstrand walikuwa wametoa kipimo cha baiskeli ambacho hakimchoshi mtu kabisa. Mpimwa hukanyaga kwa dakika chache kwa uzito wa kadiri, mapigo ya moyo wake huhesabiwa, na uwezo wake wote hukisiwa kutokana na mapigo hayo.

Ni katika kukisia huko ambapo umri huleta matata. Ili kujua mtu amebakiza akiba kiasi gani, ni lazima kujua kilele cha mapigo ya moyo wake. Wengi hutumia hesabu rahisi: 220 kutoa umri. Kwa hesabu hiyo, mtu wa miaka 60 hupewa kilele cha mapigo 160 kwa dakika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2001, uliokusanya vipimo vya maelfu ya watu, ulionyesha kwamba hesabu hiyo huwapunja wazee. Hesabu iliyopendekezwa badala yake ni 208 kutoa sehemu saba katika kumi za umri, na kwa mtu yule yule wa miaka 60 jibu ni 166. Lakini hata hesabu hiyo ni wastani tu. Watu wawili wenye umri mmoja na siha moja waweza kutofautiana kwa mapigo 20 au zaidi.

Matokeo yake si madogo. Askari wa miaka 50 ambaye kilele chake ni mapigo 185, akihesabiwa kuwa ni 170, ataonekana amekaribia mwisho wa nguvu zake hali bado ana akiba tele. Huenda akaandikiwa kwamba hafai. Mwenzake ambaye kilele chake ni 155 ataonekana ana akiba asiyokuwa nayo, na mkufunzi atamsukuma mbele. Huyo wa kwanza hupoteza kazi yake bila haki. Huyu wa pili aweza kupoteza uhai. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu aliyekaa miezi mingi bila mazoezi, kisha akaitwa ghafla siku ya kupimwa. Vilevile zipo dawa za shinikizo la damu ambazo hupunguza mapigo ya moyo, na mtu anayezimeza hawezi kupimwa kwa hesabu hizo.

Kuhusu kama mtu mzima aweza kurudisha alichokipoteza, mfano wa mbali kuliko yote ni wa Robert Marchand wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1911 na aliyewahi kuwa askari wa zimamoto mjini Paris. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha baiskeli uwanjani kilomita 24.25 kwa saa moja. Baada ya hapo aliwekwa chini ya uangalizi wa wataalamu, akawa anaendesha kiasi cha kilomita 5,000 kwa mwaka. Sehemu nne katika tano za mazoezi zilikuwa za mwendo mwepesi, na sehemu moja ya mwendo wa nguvu. Kilele cha nguvu zake kilipanda kutoka wati 90 hadi wati 125, na mwaka 2014 alifikia kilomita 26.92 kwa saa. Mapigo ya juu ya moyo wake hayakuongezeka. Misuli ndiyo iliyojifunza kazi upya. Mwaka 2017, akiwa na miaka 105, alifikia kilomita 22.54. Umri ulikuwa umedai haki yake. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109. Mtu mmoja hafanyi kanuni, lakini atosha kuwanyima hoja wale wanaojitangaza wazee wakiwa na miaka 45.

Kutokana na hayo yote, mambo kadhaa ni dhahiri kwa makamanda na askari. La kwanza ni kwamba kipimo cha afya na kipimo cha kazi vitenganishwe. Cha afya kifuate umri. Cha kazi kifuate kazi, kwa kuwa machela ya majeruhi haipungui uzito kwa sababu mbebaji ana miaka 48, wala jambazi hapunguzi mbio. Asiyeiweza kazi moja apewe nyingine inayomfaa, kwani jungu kuu halikosi ukoko, na uzoefu wa doria nyingi haununuliwi dukani.

La pili ni kwamba kila askari alinganishwe kwanza na yeye mwenyewe. Kipimo kile kile kirudiwe kila baada ya miezi sita, saa ile ile na mahali pale pale. Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko hata mabingwa walihisi uhaba wa hewa. Vivyo hivyo matokeo ya Njombe hayawezi kuwekwa kando ya matokeo ya Tanga bila kujali tofauti ya mwinuko na joto. Anayeshuka kidogo kidogo anafuata desturi ya maumbile. Anayeshuka ghafla apelekwe kwa daktari kabla ya kupelekwa uwanjani.

La tatu ni kwamba aliyevuka miaka 40 asiache mazoezi ya nguvu, bali ayapange vizuri: kazi nzito mara mbili kwa juma, mazoezi ya kuinua vitu vizito ili misuli isipotee, na siku za kutosha za kupumzika kati yake. Maumivu ya kifua na kizunguzungu si mambo ya kuvumiliwa kishujaa.

Vilima vya Kigali havikumwuliza mtu alizaliwa mwaka gani. Siku ya dharura nayo haitamwuliza askari swali hilo. Itamkuta alivyojiweka.