Fedha Taslimu na Nyumba ya Masikini



Tangu nilipomaliza masomo nimesikia watu wakibishana mara nyingi juu ya swali hili: Je, mtu masikini wa shamba akipewa fedha mkononi, zisizo mkopo, wala asiambiwe azitumie namna gani, zitamsaidia au zitampotea? Wengi hujibu upesi kwamba atazinywa pombe. Wengine hutaja mithali ya mgeni, ya kwamba siku ya tatu mpe jembe. Mimi ni mwandishi wa chama cha akiba kijijini kwetu, kando ya njia itokayo Arua kwenda Koboko, na kila juma naandika daftarini shilingi za jirani zangu. Naomba nafasi nilieleze jambo hili, kwani naona wengi hubishana bila kujua umasikini wenyewe ulivyo.

Umasikini wa kwetu si kukosa jembe. Majembe tunayo, na mashamba ya muhogo, maharagwe na simsim tunayo. Kinachokosekana ni fedha siku ile zinapotakiwa. Tuseme mtu amevuna magunia mawili ya maharagwe. Majuma hayo kila mtu amevuna, na bei sokoni imeanguka. Lakini mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na mama mtoto anahitaji dawa. Basi huuza yote kwa bei hiyo hiyo. Miezi michache baadaye, kabla ya mavuno mapya, chakula kimekwisha, naye hurudi soko lile lile kununua maharagwe kwa bei iliyopanda. Fedha za kununulia atazipata wapi? Huenda kufanya leja leja, yaani kibarua cha siku, akipalilia shamba la mwenziwe huku magugu yakimea katika shamba lake mwenyewe. Mavuno yake yajayo yatakuwa haba, na shida itaanza upya. Angalieni vema: masikini huuza rahisi na kununua ghali, si kwa ujinga, bali kwa sababu hawezi kungoja.

Wazee wetu waliijua shida hii. Wakati wa serikali ya Waingereza kodi ilitakiwa kwa fedha, na katika West Nile njia za kupata fedha zilikuwa chache. Kwa hiyo vijana wengi waliondoka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Shilingi ilipatikana kwa kuiacha nyumba. Baadaye wengine walilima tumbaku. Lakini fedha kumfuata masikini nyumbani kwake, hilo ni jambo la siku hizi.

Fedha hizo ni za namna kadha. Mwaka 2010 serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa kuwalipa wazee fedha kila mwezi, ambazo baadaye zilifika shilingi 25,000, na Nebbi, jirani zetu wa kusini, ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza. Tangu mwaka 2020 mpango ulienezwa nchi nzima kwa wazee wa miaka 80 na zaidi. Tena wako wakimbizi wa West Nile ambao wamepewa fedha badala ya unga na maharagwe. Fedha hizi tusizichanganye na zile za parokia zilizoanza kutolewa baada ya mpango wake kuzinduliwa mwaka 2022, ambazo nyumba moja yaweza kupata hata shilingi 1,000,000. Hizo ni mkopo, nazo hurudishwa pamoja na faida.

Sasa, fedha hufanya nini zikifika? Yuko bibi mmoja jirani yangu, amepita miaka themanini, naye analea wajukuu. Shilingi 25,000 si nyingi: ni chumvi, sabuni, mafuta ya kula, madaftari, na kidogo kinachobaki hukileta chamani. Lakini nimeona jambo kubwa kuliko hayo. Zamani mwenye duka hakumkopesha, kwa maana hakujua atalipwa lini. Leo humwandikia, hata kama malipo yamechelewa, kwani anajua yatakuja. Basi bibi huyo hana haja tena ya kuuza maharagwe yake siku ya mavuno. Amepata uwezo wa kungoja.

Fedha nyingi za mara moja hufanya kazi nyingine. Huko Rarieda, katika Siaya ya Kenya, chama kiitwacho GiveDirectly kilizigawia fedha nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kuanzia mwaka 2011. Kwa kipimo cha uwezo wa kununua, baadhi zilipata dola 404 za Marekani, nyingine dola 1,525. Wataalamu waliopima waliona kwamba waliopewa kidogo kidogo kila mwezi hasa walikula vizuri zaidi, na waliopewa kwa mkupuo hasa walinunua vitu vya kudumu, kama mabati. Msidhani mabati ni fahari tu. Nyasi za kuezekea huoza, hutaka kubadilishwa tena na tena, na kila mara ni gharama. Masikini hulipia paa lake maisha yake yote, kwa sababu hakuwa na fedha za kulilipia mara moja. Na kuhusu pombe, wataalamu hao hawakuona kwamba matumizi ya pombe na tumbaku yaliongezeka.

Baadaye, katika Siaya hiyo hiyo, nyumba zaidi ya 10,000 zilipewa kama dola 1,000 kila moja. Wengi waliogopa kwamba bei za sokoni zingepanda na kuwaumiza wasiopewa. Zilipanda, lakini hazikufika hata moja kwa mia. Ajabu kuu ilitangazwa mwaka 2025: katika nyumba zilizopata fedha, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilipungua karibu nusu. Sababu zake ni za kawaida kabisa. Mama aliweza kupumzika kazi ngumu miezi ya mwisho ya mimba, akala vema, akaenda kuzalia hospitali. Kungoja ninakokusema si kwa maharagwe tu. Hata mtoto tumboni hutaka mama yake aweze kutulia.

Walakini nisiwadanganye kwamba fedha ni dawa ya kila kitu. Huko Siaya faida kwa watoto ilikuwa kubwa hasa pale ambapo hospitali yenye daktari ilikuwa karibu, na fedha zilipofika karibu na siku za kuzaa. Fedha za nyumba moja hazijengi hospitali, wala hazifanyi barabara. Tena ziko habari za kwetu kaskazini ya Uganda. Mwaka 2008 vikundi vya vijana vilipewa fedha, kadiri ya dola 382 kwa kila mtu, ili wajifunze kazi na kununua vyombo. Baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa 38 kwa mia juu ya wenzao. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia. Waliopewa hawakuanguka, ila walitangulia tu njiani. Kutangulia miaka kadha si jambo dogo kwa mwenye watoto wa kusomesha, lakini si utajiri.

Na fedha zinazotoka mfuko wa mwingine zaweza kukatwa. Mwaka 2020 posho ya wakimbizi ilipunguzwa 30 kwa mia, na mwaka 2021 ikapunguzwa tena huku kwetu, kwa sababu michango ilipungua.

Liko pia jambo la haki. Asiyepewa humtazama aliyepewa, na husuda huingia. Wako wazee wanaostahili ambao hukosa kwa kuwa hawana kitambulisho cha taifa, au umri wao uliandikwa vibaya. Mzee aliyezaliwa kabla ya vita vya mwaka 1939, akiandikwa kuwa alizaliwa mwaka 1950, kwa daftari la serikali bado ni kijana.

Hapa ndipo ninyi wanafunzi mnapohusika. Wengi wenu mtakuwa makarani na waalimu, nanyi mtashika kalamu itakayoandika majina hayo. Hata sasa, mkiwa likizoni, kaeni na babu na bibi zenu, someni kitambulisho chao, na kama tarehe si sawa wapelekeni ofisini irekebishwe. Na mtu akiwaambia kwamba masikini apewe jembe, mjibuni kwa adabu kwamba jembe analo tangu ujana wake. Anachohitaji ni kuweza kulima shamba lake mwenyewe mpaka livunwe.