Setilaiti na Milima Yetu ya Moto

Tarehe 27 Novemba 2006 mlima Nyamulagira ulipasuka. Mlima huo ni jirani wa Nyiragongo, kaskazini-magharibi ya Goma. Wataalamu wa Goma walitaka kujua upesi jambo moja: shimo limefunguka wapi? Lava hushuka kama maji, ikifuata mabonde. Asiyejua chanzo chake hawezi kusema ni vijiji gani viko njiani. Tena kwenda huko kwa miguu kulikuwa hatari, kwa sababu ya watu wenye silaha porini.

Msaada ulitoka juu. Setilaiti ni chombo kilichotengenezwa na watu, nacho huizunguka dunia kama mwezi. Setilaiti moja ya Marekani, jina lake EO-1, ilizunguka kwa kimo cha kilometa 705. Msidhani ni mbali sana: ni chini ya nusu ya mwendo wa ndege kutoka Goma mpaka Kinshasa. Mwanzoni mwa Desemba ilipiga picha za Nyamulagira. Mawingu yalikuwapo, lakini joto la lava lilionekana, na habari ya mahali pale ikapelekwa Goma.

EO-1 haikufanya kazi peke yake. Setilaiti nyingine mbili, Terra na Aqua, zilitazama nchi kubwa kwa mara moja, lakini macho yao yalikuwa mazito: nukta moja ya picha yao ya joto ilikuwa na upana wa kilometa 1. Nukta ya EO-1 ilikuwa mita 30 tu. Basi, Terra au Aqua ilipoona joto mahali fulani, kompyuta zilipokea habari, zikapanga zamu, zikaiagiza EO-1 ikatazame vizuri. Hapakuwa na haja ya kumwamsha mtu usiku.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Setilaiti huongea na watu wake kwa dakika chache tu, inapopita juu ya kituo chao. Itamwuliza nani ikiwa mbali? Kwa hiyo EO-1 ilifundishwa kuamua yenyewe. Ilichungua picha yake huko huko juu. Ikiona moto, iliacha kazi nyingine iliyopangiwa na kurudi kutazama moto ule. Ilifanya kazi mpaka mwaka 2017.

Siku hizi hutengenezwa setilaiti ndogo, nyingi pamoja. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa angani Mei 2018, ilikuwa na upana wa sentimeta 10, ungeweza kuishika mkononi. Mwaka 2017 roketi moja ya India ilibeba setilaiti 104! Umewaona wavuvi wa sambaza ziwani Kivu? Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, nao hupiga kasia kwa kufuata wimbo mmoja. Hakuna anayewaamuru toka ufukoni. Wataalamu wanatafuta njia ya kuzifanya setilaiti ndogo zipatane vivyo hivyo, kila moja ikijua zamu yake.

Lakini jicho linaloona joto halioni moto ulio bado ndani ya ardhi. Nyiragongo ulipasuka jioni ya 22 Mei 2021 pasipo onyo la kutosha. Siku zilizofuata setilaiti za rada zilipima jinsi ardhi ilivyosogea, zikaonyesha kwamba moto ulikuwa umepenya chini ya mji wenyewe, kuelekea ziwani. Tarehe 27 Mei watu wengi wa Goma waliamriwa kuhama, wengine wakaenda Sake, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda.