Mwenda wa Bayeke: gitaa la Katanga lililofika Newport

GOMA – Ukitaja gitaa la Kongo mjini Goma, wengi watakujibu rumba ya Kinshasa: Franco, Docteur Nico. Lakini Katanga pia ilikuwa na bingwa wake, naye aliimba Kiswahili: Jean-Bosco Mwenda, maarufu Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, leo Likasi, akipiga "Masanga". Mwenda alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini ungedhani wanapiga watu wawili.

Kiswahili cha Kongo, ambacho wengine hukicheka, kilimpa mashabiki hadi Nairobi, ambako wapiga gitaa wa Kenya walimwiga.

Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani, tamasha lilelile ambako Bob Dylan aliwashtua mashabiki mwaka 1965 kwa gitaa la umeme. Wakati vijana wa huko wakichanganya nyimbo za asili na roki, Mwenda alikuja na gitaa kavu.

Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Rekodi za Tracey zinatunzwa Afrika Kusini, lakini kijana wa Goma anaweza kuisikiliza "Masanga" kwenye simu yake, na kujifunza vile vidole viwili.