Garanti ya nyumba: sheria inasema miezi mitatu



Watu wa Masisi na Walikale wamehama mara nyingi. Mwaka 2025 vita ilifika Masisi-kati mwezi wa kwanza, na Walikale-kati mwezi wa tatu. Jamaa inayokimbia hutafuta kwanza mahali pa kulala. Wengine hupokelewa na ndugu, wengine hupanga chumba, na hapo mwenye nyumba huomba garanti. Akiomba miezi sita, pesa ya chakula na ya shule inaisha siku moja.

Tujue basi sheria ya inchi inasema nini. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kuwa na makao yanayofaa. Tena sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi mitatu. Garanti hiyo inabaki mali ya mpangaji. Akitoka bila deni wala uharibifu, arudishiwe.

Kujenga nyumba za bei nafuu kunahitaji pesa nyingi, barabara na usalama. Lakini sheria hii haihitaji hata tofali moja. Inahitaji watu wa kuifuata, nasi tunaweza kuanza hapa kwetu.

Kwanza, mapatano yaandikwe: kodi ni kiasi gani, garanti ni ngapi, nyumba iko katika hali gani. Nyumbakumi au shemasi awe shahidi. Pili, kila malipo yawe na risiti. Tatu, makanisa yenye nyumba za kupangisha yatangulie kutii. Tutawezaje kuhubiri haki tukiomba miezi sita?

Wapangaji nao walipe kwa wakati. Mara nyingi mwenye nyumba ni mjane anayekula kwa kodi hiyo.

Liko jambo moja tena. Wengi wa waliohama waliacha parseli nyuma, bila karatasi yoyote. Asiyekuwepo hajauza. Wazee na majirani wanaojua mipaka waikumbuke na kuiandika, ili wenye mali wakirudi wasikute mwingine amejenga. Sisi tunaosoma habari za Naboti na shamba lake tunajua Mungu anahesabu vipi jambo la namna hiyo.

Bwana awalinde walio njiani, na awape makao.