Nyamchom ya Fotokopi: Wasso Mnasemaje?

Sogeeni jikoni, nyamchom inageuzwa, kachumbari na pilipili vipo. Swali la leo linachafua hewa kuliko Simba na Yanga: ukiambiwa huo ubavu unaoungojea umetoka kwa ng'ombe kloni, yaani aliyetengenezwa maabara kutoka seli ya ng'ombe mwingine, unamanga au unakula kona?

Nimelirusha kwa mbogi ya boda hapa Wasso, Loliondo. Mmoja kanikazia macho: fotokopi ya ng'ombe, mimi ni mzima kweli? Mwingine kauliza kachinja nani. Wa tatu, njaa imembana, anataka bei ya kilo tu. Yule wa pili ndiye kanibamba, maana hilo ndilo swali letu Wabongo miaka yote. Nyama huku haina soo ya ilizaliwaje, ina soo ya nani kashika kisu. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji wa kanisa akauawa. Yaani wenzetu wanabishania seli, sisi bado tuko kwenye kisu na mhuri wa bwana mifugo.

Ila msikaushe mkidhani haya mambo ni ya Ulaya tu. Kuna dume la Boran linaitwa Tumaini, kloni kamili, lilizaliwa 2012 chini ya ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi. Walishirikiana na Taasisi ya Roslin ya Scotland, walewale waliomtoa kondoo kloni Dolly, Julai 5, 1996, baada ya kujaribu mara 277 na kupata mmoja tu. Nairobi, manze! Ng'ombe wangapi wa huku wanavushwa mpaka kwenda Narok na minada ya mbele yake?

Tumaini hakuletwa ili apakwe chumvi. Fom ya watafiti ilikuwa ndorobo. Yule mdudu anaeneza nagana, na mfugaji yeyote wa porini anajua ng'ombe mwenye nagana anavyokonda mpaka mbavu zinahesabika. Nyani hadhuriki hivyo. Damu yake ina protini inayoua vimelea vya nagana. Wazo ni kuchukua jeni ya hiyo protini, kuipachika kwa ng'ombe, na kloni ndiyo njia ya kupitia. Tumaini mwenyewe hana kitu cha nyani mwilini. Alikuwa jaribio la kuona kama dume wa Boran anaweza kutolewa kwa njia hiyo akawa na afya, na ikawezekana.

Sasa nenda kawaeleze hilo morani waliotoka olpul, kambi ya kula nyama porini, wameshiba nyama na supu ya mizizi. Kwa Wamasai nyamapori kwa kawaida siyo msosi, acha nyani. Neno "nyani" likishatajwa karibu na jiko, sayansi yote iliyobaki haisikilizwi tena. Siwalaumu. Mdomo una sheria zake, na hazikuandikwa maabara.

Wazee wetu nao wana hoja tofauti, na mimi naiona nzito zaidi. Wao ng'ombe wanamjua kwa rangi, pembe, tabia, na mama yake alikuwa nani. Ukiwaambia huyu ni yuleyule, watakuuliza umejuaje. Na wako sahihi kinoma. Texas kulikuwa na dume la mfugaji Ralph Fisher, jina lake Chance, mpole mpaka watu wanapiga naye picha. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Texas A&M kikamtoa kloni wake, Second Chance. Sura ileile. Kisha huyo mpya akamvamia Fisher, siyo mara moja, mara mbili! Chuo hichohicho kikatoa paka kloni mwaka 2001, CC, na manyoya yake hayakufanana na ya Rainbow, paka aliyetoa seli. Jeni ni zilezile, madoa siyo yaleyale. Mfugaji wa Loliondo angelishtukia hilo kabla ya profesa.

Lakini turudi kwenye sahani. Hapa kuna stori inayonimaliza: Chuo Kikuu cha West Texas A&M walichukua seli kutoka mzoga uliokuwa umeshachinjwa, sababu nyama yake ilikuwa ya daraja la juu kabisa, wakatoa dume anaitwa Alpha. Yaani unaipenda nyama iliyoning'inia buchani, unamrudisha mwenye nyama. Huko huko Marekani, Januari 2008, mamlaka yao ya chakula na dawa ilisema nyama na maziwa ya ng'ombe, nguruwe na mbuzi kloni ni salama kama ya kawaida, tena bila kulazimisha lebo. Mwaka huohuo Ulaya waliuliza raia wao: asilimia 58 wakasema kloni kwa ajili ya chakula haikubaliki kamwe, na asilimia 83 wakataka bidhaa ziwekwe lebo. Sayansi inasema kula, watu wanasema ngoja kwanza.

Mimi je? Ningekula, mos mos, na pilipili nyingi. Kloni mmoja anagharimu maelfu ya dola, hakuna sonko atakayemchinja. Atawekwa awe mbegu, na wewe utamanga mjukuu wake. Ndama wa uhamilishaji, wale wa mbegu za kituo cha Usa River, mbona wanachinjwa na kijiwe kimenyamaza?

Ninachokataa ni boma zima la ng'ombe wa aina moja. Ukame wa 2021 na 2022 ulipofagia mifugo, waliobaki hawakuwa wote wa mwili mmoja. Kundi lenye damu moja likipatwa na ugonjwa mmoja, linaweza kwenda lote.

Na lebo naitaka. Bodi ya Nyama, msisubiri mzigo ufike ndipo mkurupuke: wekeni sheria mapema, iandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, pale juu ya ndoano buchani. Anayetaka amange, asiyetaka aagize mbuzi.