Chagua Panga Zuri, Linoe, Likufae

Mvua za Novemba zikikaribia, wewe uliyeko Kaoze na bonde zima la Rukwa unakuwa katika kufyeka mashamba ya mahindi, mpunga na ufuta. Basi leo tuzungumze juu ya panga. Utasema, "Ah, panga nani asiyelijua?" Ni kweli. Lakini mkulima akijikata mguu msimu wa kupanda, mvua haimngojei apone. Tena panga butu lina hatari kuliko panga kali: haliingii mtini, linateleza, nawe umeshatia nguvu zako zote.

Kwanza, kununua. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo yaliyopita kimo cha mtu. Chuma walikijua kwa jicho na kwa sikio. Nawe fanya hivyo hivyo dukani. Ligonge bapa kwa kidole. Likilia vizuri kama kengele, sawa. Likilia kama debe bovu, huenda lina ufa. Kisha kandamiza ncha yake kwenye ubao mpaka lipinde kidogo, uliachie. Likirudi likanyooka, chuma ni kizuri. Likibaki limepinda, liache. Tazama na mpini: chuma kipite mpaka mwisho wake, na riveti zisicheze. Mhunzi wa kijijini naye aweza kukufulia panga imara kwa springi ya gari kuukuu.

Pili, kunoa. Panga jipya mara nyingi huja halijanolewa sawasawa. Libane juu ya gogo lisitikisike, kisha tumia tupa, pande zote mbili sawa. La kufyekea nyasi linataka makali membamba. La kukatia miti liachie makali manene kidogo, maana membamba yatapinda au kumeguka. Ukilipeleka kwenye mashine ya kunolea, mwambie fundi alichovye majini mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya buluu, yameungua, hayatakaa tena.

Tatu, kutumia. Kabla ya kuanza, watoto wakae mbali, na mwenzako awe hatua tano au zaidi kutoka kwako. Tanua miguu. Tawi likate kwa mshazari, si kwa kulikabili moja kwa moja, na panga lishuke pembeni mwa mguu, kamwe lisielekee mguuni. Joto la bondeni hulowesha mikono jasho, kwa hiyo futa mpini kila mara. Ukichoka, pumzika, mkono uliochoka haulengi.

Na ukijikata je? Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mguu au mkono ulioumia, uende zahanati. Hata jeraha dogo, lililoingia udongo, laweza kuleta pepopunda. Waulize juu ya sindano ya kuizuia. Usipake udongo wala mavi ya ng'ombe.

Jioni, futa panga lako, lipake mafuta kidogo, ulitie alani, ulitundike juu wasikofika watoto. Panga linalotunzwa hivyo litakufaa misimu mingi.

Haya, ndugu mkulima, kabla hujaenda shambani kesho, pitisha tupa kwanza. Kazi njema!