Junki Mezani: Pesa Yako Iende Wapi

Anayetaka kuunda mfano wa junki, ile merikebu ya Kichina yenye matanga ya fito, huanza kwa kuulizia bei ya seti. Bei hiyo inadanganya. Chukua seti ndogo ya dola 40 iliyoagizwa kutoka China kwa nauli ya meli ya dola 35. Forodha haitozi ushuru kwenye zile 40, inatoza kwenye jumla, yaani 75. Ongeza ushuru wa asilimia 25, ambacho ni kiwango cha bidhaa nyingi zilizokamilika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha VAT ya Kenya ya asilimia 16, na umeshakaribia dola 109 kabla ya ada ndogondogo. Seti ya dola 120 kwa nauli ileile itafika takriban 225. Dukani ya pili ilikuwa ghali mara tatu ya ya kwanza; mlangoni kwako ni mara mbili tu. Kwa hiyo seti ya bei ya chini kabisa ndiyo inayobeba mzigo mzito zaidi wa nauli, na mimi simshauri mtu aagize peke yake. Kama ni lazima, agizeni watu wawili watatu kwa pamoja.

Baada ya bei, tazama kipimo. Seti ya Amati ya Italia ni ya 1:100, na Red Dragon ya Artesanía Latina ya Uhispania ni ya 1:60. Chombo cha mita 24 kitakuwa na sentimita 24 katika kipimo cha kwanza na 40 katika cha pili. Wengi huona kidogo ndicho rahisi. Kwa junki ni kinyume. Kamba yenye unene wa sentimita 3 kwenye 1:100 inakuwa uzi wa milimita 0.3, na junki ina kamba nyingi mno: fito za tanga zina vikamba vyake upande wa nyuma, navyo vinakusanywa hadi kwenye demani moja, kamba ya kuongozea tanga. Kufunga vifundo hivyo kwa kibano kunachosha macho ya mtu mzima. Ukiwa na nafasi kwenye rafu, lipia ukubwa.

Kiunzi hakihitaji fedha nyingi. Seti nyingi za mbao hujengwa kwa vipande vya kukingama vilivyokatwa kwa leza, kisha mbao nyembamba hugandishwa juu yake. Kwa merikebu ya Kizungu huo ni ujanja wa seti tu, kwa kuwa chombo chenyewe kilisimama juu ya mataruma. Junki kwa kweli iligawanywa ndani kwa kuta za kukingama. Ile iliyofukuliwa kwenye ghuba ya Quanzhou mwaka 1974, ya zama za Song, ilikuwa na kuta 12 na vyumba 13. Kwa hiyo hata seti ya kawaida inakaribia ukweli hapa, na usilipie ziada kwa mzinga wa shaba au joka la kubandika ubavuni.

Pesa iende kwenye matanga. Kitambaa cheupe kinachokuja na seti kibadilishe. Matanga mengi ya kusini mwa China yalipakwa rangi ya kahawia-nyekundu itokanayo na mimea ili yasioze. Pamba nyepesi iliyochemshwa kwenye magome ya mkoko au chai kali inakaribia rangi hiyo kwa gharama ndogo. Na fito? Vijiti vya mishikaki ni mwanzi halisi. Vipasue kwa kisu kikali kufuata nyuzi zake, uvipitishe msasa, na utapata ufito ulionyooka, tena unaopinda bila kukatika.

Aliyekwisha kuzoea randa na patasi ana njia nyingine, nayo ndiyo ninayoipenda: kununua michoro tu. G.R.G. Worcester, aliyefanya kazi katika forodha ya majini ya China, aliandika kitabu kikubwa kuhusu junki na sampani za mto Yangtze, kikachapishwa Shanghai mwaka 1947 na 1948, na kuchapwa tena Annapolis mwaka 1971. Kina michoro yenye vipimo. Nakala si rahisi, lakini kitabu kimoja kinakupa vyombo vingi, na mabaki ya mbao kwa fundi seremala jirani yanatosha kuanzia.

Seti moja nakuomba uiache, ingawa itakuvuta kwa sababu inagusa pwani yetu: merikebu ya hazina ya Zheng He, amiri wa Kichina wa zama za Ming, ambaye misafara yake ilifika Malindi. Hakuna hata moja iliyofukuliwa ikiwa nzima, na vipimo vilivyoandikwa katika historia ya nasaba ya Ming bado vinabishaniwa na wataalamu. Sehemu kubwa ya unachokilipia ni makisio ya mtengenezaji. Kwa fedha hiyohiyo tafuta junki ya wavuvi au ya mizigo, iliyopigwa picha na kupimwa ikiwa bado inaelea. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa maelekezo unaoonyesha kamba za tanga. Akikosa kukupa, nenda kwa mwingine.